Shahidi Asiyeitwa

Mvua za mwisho wa mwaka ziliporudi Namuwongo, mtaa wa Kampala, mara ya pili Sylvanus Ogutu akiwa rumande, majirani walikuwa wameacha kumuuliza mkewe habari zake. Hawakuwa na ubaya. Mtu akiuliza jambo moja mwezi baada ya mwezi na kupata jibu lile lile, mdomo huchoka. "Wameahirisha," Loice alikuwa akijibu, huku akipima mukene kwa kikombe cha bati na kuongeza kiganja kimoja juu ili mteja arudi kesho. Samaki wale wadogo ndio waliokuwa wakiilisha nyumba sasa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Sylvanus alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Nakawa, akitengeneza madirisha na mageti ya wenye nyumba. Jioni moja mwanamume aliingia katika duka la vitambaa karibu na soko, akamkaba mwenye duka na kukimbia na mkoba wake. Mlinzi wa jengo la jirani alisema alimwona mtu mrefu akikimbia, na kwamba mtu huyo ni yule Mkenya wa madirisha. Kweli Sylvanus alikuwa akikimbia jioni ile. Mvua ilikuwa inanyesha, na karibu Nakawa nzima ilikuwa ikikimbia. Lakini aliyekamatwa ni yeye. Dhamana alinyimwa, kwa maana hakimu aliambiwa kwamba Mkenya akishavuka mpaka wa Busia, nani atamfuata?

Mama yake Sylvanus, mzee Nerima, alikuja kutoka Kenya kukaa na mkaza mwanawe kwa wiki moja. Alikuja na kuku mmoja na leso mbili. Kuku aliliwa, leso zikachakaa, na yeye bado alikuwa yupo, akilala kitanda kimoja na mjukuu wake Moreen na kumlalamikia kila asubuhi kwamba anapiga mateke kama ndama.

"Nyabo Loice," alisema siku moja Faridah, jirani aliyekuwa akikaanga chapati mlangoni pake, "mimi naambia wewe kitu moja. Loya hapana maliza kesi. Enda kwa mwenye kesi, ule mama ya duka. Piga magoti, lia kidogo, omba samahani. Yeye akisamehe, polisi nafanya nini?"

Nerima alikuwa ndani akichambua mchele, lakini masikio yake yalikuwa nje.

"Samahani ya nini?" alifoka. "Mtoto wangu hajaiba! Ukienda kumwombea msamaha, umemfunga kwa mdomo wako mwenyewe."

"Mama, Faridah anasaidia tu."

"Asaidie chapati zake, zinaungua."

Loice alicheka, kisha akainamia beseni lake. Lilikuwapo jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Siku chache kabla ya kukamatwa, Sylvanus alirudi kutoka kazini amelipwa nusu ya alichoahidiwa, akasema kwamba pale Nakawa pesa zinapita mbele ya macho yake kama maji ya mtaroni. Alisema akicheka. Lakini usiku Loice alipokuwa akilala peke yake, kicheko kile hakukikumbuka vizuri. Alikumbuka maneno tu.

*

Loice alimwambia Nerima kwamba anakwenda kununua mukene wa jumla, akaenda kwenye lile duka la vitambaa.

Mwenye duka aliitwa Maimunah, Mnubi, mtu mzima mwenye mwili mkubwa, amejifunga gurbaba, vazi la Wanubi, lenye maua mekundu. Alikuwa akisuka kawa la kufunikia chakula, la ukili wa rangi, huku akingoja wateja. Loice aliingia, akasimama, kisha akapiga magoti sakafuni. Miaka yote aliyoishi Kampala alikuwa akiwaona wanawake wa Kiganda wakipiga magoti kusalimia, naye hajawahi. Kwao mtu hupiga magoti kanisani tu.

"Hajati, nisamehe. Nimekuja kumwombea mume wangu."

Maimunah aliangalia kushoto na kulia, kana kwamba huenda anayeombwa ni mtu mwingine. "Mume wako amefanya nini?"

"Ni yule wa kesi yako. Ogutu. Yule Mkenya."

"Kesi yangu ipi, mwanangu?"

"Ya mtu aliyekukaba hapa dukani."

Maimunah aliweka kawa chini. "Inuka. Inuka kwanza, hii saruji itakuumiza magoti. Unataka kuniambia wamemfunga mtu?"

"Yuko rumande tangu mwaka jana."

"Kwa ajili yangu?"

Loice alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata kwa kofi. Hakuwa amejiandaa kukaa kwenye kiti na mwenye kesi amesimama mbele yake, mikono kiunoni, akimkasirikia mtu ambaye hakuwapo.

"Sikiliza," alisema Maimunah. "Polisi waliniita kwenye gwaride. Wanaume wamepangwa mstari, mimi naambiwa nimguse bega aliyenikaba. Nilipita, nikarudi, nikapita tena, mpaka wengine wakaanza kuona haya. Nikamwambia afande, hayupo hapa. Halafu nikamkumbusha neno nililomwambia siku ile ile ya wizi. Yule mtu alipokuwa amenishika shingo aliniambia, askutu."

"Askutu ni nini?"

"Nyamaza. Kwa Kinubi." Sauti yake ilishuka. "Na si Kinubi cha kuokota sokoni, ni kile cha kunyonya. Alisema kama kaka yangu anavyosema. Mume wako anajua Kinubi?"

"Baba Moreen?" Loice alishangaa hata akasahau machozi. "Hata Kiganda kinamshinda! Mpaka leo anawasalimia watu jioni kwa salamu ya asubuhi, na wao wanamjibu kwa huruma."

Maimunah aliangua kicheko, kisha akajiziba mdomo kwa haya.

"Afande aliandika hayo?" Loice aliuliza.

"Aliandika, akanisomea, nikatia sahihi. Akasema nikihitajika nitaitwa. Sikuitwa. Nikasema basi, hawakumpata mtu, kesi imekufa. Kumbe mwenzangu ananyonyesha kesi yangu nyumbani kwake!"

Akampigia kelele binti wa chai wa duka la pili. Chai ilikuja na tangawizi nyingi, na Loice akainywa yote, huku akilia, na Maimunah akikunja na kukunjua vitambaa ambavyo havikuhitaji kukunjwa.

*

Wakili wao aliitwa Anena. Alifanya kazi katika ofisi ya msaada wa sheria, katika chumba ambamo mawakili watatu waligawana meza mbili. Alikuwa msichana mwembamba kutoka Gulu, na Kiswahili chake alikuwa amejifunzia kambini, kwa maana baba yake alikuwa mwanajeshi. Kilitoka kikiwa kimenyooka na kikavu kama amri.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaivua miwani yake.

"Mama Moreen, mimi niliomba upande wa serikali wanipe ushahidi wote. Wote. Wakanipa maelezo ya mlinzi, na ya polisi aliyemkamata mzee wako. Nikauliza, mwenye duka je? Wakaniambia mama huyo hakuona vizuri, maelezo yake hayana faida."

"Hayana faida kwa nani?"

"Ndiyo hapo." Anena alitabasamu kidogo. "Serikali haishtaki mtu ili ishinde, kama timu ya mpira. Ikiwa na neno la kumtia mshtakiwa hatiani, inaleta. Ikiwa na neno la kumwokoa, inatoa pia, hata kama linauma. Si hisani. Ni haki yake."

"Basi tumchukue Hajati twende kwa hakimu leo hii!" alisema Nerima, ambaye alikuwa amekataa katakata kubaki nyumbani, na sasa alikuwa amesimama tayari.

"Mzee, kaa. Hatuendi hivyo. Na wewe, Mama Moreen, usirudi pale dukani. Usimsalimu, usinywe chai yake. Watasema umemnunua. Nitakwenda mimi mwenyewe, mchana, na mtu wa ofisi."

Agizo lile lilikuwa gumu kuliko Loice alivyodhani. Kila wiki alikwenda Nakawa kununua mukene, na siku moja walikutana uso kwa uso kati ya wauza nyanya. Loice akatazama chini. Maimunah naye akageukia rundo la vitunguu, akamwambia muuzaji kwa sauti ya kusikika mbali, "Vitunguu hivi vimetulia vizuri. Kitu kizuri hakitaki haraka." Muuzaji alidhani anasifiwa, akamwongezea kimoja. Loice alikwenda zake akiwa na moyo mwepesi, kana kwamba ameongezewa yeye.

*

Siku ya kumtembelea Sylvanus, Loice alimpelekea wali na mukene wa kukaanga kwenye kopo lenye mfuniko. Alimweleza yote: gwaride, neno la Kinubi, maneno ya wakili. Sylvanus alikuwa amekonda na nywele zake zilikuwa zimeingia mvi pembeni, lakini macho yake yalikuwa yanawaka kwa furaha. Akauliza, "Na wewe ulijuaje? Nani alikutuma kwake?"

Loice angeweza kusema Faridah. Angeweza kusema Mungu.

"Nilikwenda kumwomba," alisema.

"Kumwomba nini?"

"Akusamehe."

Pembeni yao mke wa mtu mwingine alikuwa akicheka kwa nguvu ili mumewe asione kwamba amelia.

"Anisamehe kwa lipi, Mama Moreen?"

"Sikujua la kufanya tena."

"Sikuulizi hilo." Alilifunika kopo, akalisukuma taratibu mpaka upande wa Loice. "Mlinzi alisema ni mimi, nikavumilia, hanijui. Polisi nao hawanijui. Hata wewe?"

Alikwenda zake kabla askari hajamwita.

Nyumbani, Nerima aliona kopo limerudi zito. Alipoelezwa, alilifungua, akaketi mkekani na kuanza kula.

"Baba yake alikuwa hivi hivi," alisema, mdomo umejaa. "Akikasirika anashindana na chakula. Wakati mmoja alikataa samaki siku mbili, siku ya tatu nikamkuta jikoni anaramba sufuria gizani." Alitafuna. Loice alikuwa amesimama mlangoni, hajavua hata viatu. "Njoo ukae. Mimi nilikukataza usiende kwa yule mama. Nilikukataza au sikukukataza?"

"Ulinikataza, Mama."

"Ungenisikia, leo tungekuwa tunakaa tu tukipima samaki." Alimsukumia kopo. "Kula. Na ufunge domo lako mbele ya Faridah, usimwambie kwamba alikuwa na maana. Hatutalala."

*

Siku ya kesi, askari wa mlangoni alimnusa Loice kabla ya kumpekua. "Nyabo, hii samaki ikae nje."

"Sina samaki, sebo. Ni mikono."

"Basi mikono ikae nyuma kabisa." Na watu wa benchi la mwisho walisogea, wakampa nafasi pana kuliko aliyohitaji. Nerima aliijaza nafasi ile kwa kukaa karibu naye kabisa, bega kwa bega.

Mlinzi alikuwa ameshatoa ushahidi wake siku za nyuma. "Mimi naona mutu nakimbia. Mulefu. Ni huyu, kila siku napita mbele yangu." Anena alipomuuliza kama aliuona uso wa aliyekimbia, alisema mvua ilikuwa nyingi, lakini mwendo aliutambua. Sasa mwendesha mashtaka, kijana wa suti safi mwenye rundo la mafaili hadi kidevuni, alisimama na kusema kwamba upande wa serikali umemaliza.

Anena alisimama. Aliongea Kiingereza, na mkalimani akawa akimgeuzia Sylvanus kwa Kiswahili kizimbani, kwa hiyo Loice naye alisikia.

"Mheshimiwa, mwenye duka hajaitwa. Tunaomba maelezo yake aliyotoa polisi, na taarifa ya gwaride alilohudhuria."

"Shahidi huyo hatumtegemei," alisema mwendesha mashtaka. "Hana la kuongeza."

Hakimu alikuwa mama mwenye mvi, aliyekuwa akiandika kila kitu kwa mkono. Aliacha kuandika. "Alikwenda kwenye gwaride?"

"Alikwenda, Mheshimiwa."

"Alimgusa mshtakiwa?"

Kijana alifungua faili, akalifunga. "Hakumgusa mtu."

"Na maelezo yake yako wapi?"

Mkalimani alijikuta hana cha kutafsiri, akakohoa.

"Ninayo hapa, Mheshimiwa."

"Yamekuwa hapo muda wote huu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na huyu bwana amekuwa wapi muda wote huu?" Hakimu alielekeza kalamu kizimbani. Hakuinua sauti. "Mpe wakili sasa hivi. Si kesho. Na mwenye duka nitamwita mimi."

Nerima alimfinya Loice paja hadi likauma. Hakujua Kiingereza, wala mkalimani hakumsikia vizuri, lakini alikuwa amelea watoto saba na alijua sura ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

*

Maimunah alikuja na kaka yake, Muhamadi, mzee wa kofia nyeupe aliyeketi benchi la mbele na kukunja mikono. Kila mtu aliona kwamba amekuja bila kupenda. Wiki nzima alikuwa akimwambia dada yake, "Sisi Wanubi watu wanatutazama vibaya tangu zama za vita. Sasa wewe unakwenda kusimama mbele ya serikali useme mwizi ni wetu?" Naye Maimunah alikuwa amemjibu, "Niseme ni wa nani, basi? Wa yule mama muuza samaki?"

Kwenye kizimba cha mashahidi aliapa kwa Msahafu, akasimulia kama alivyosimulia dukani. Alipofika kwenye lile neno, alisita. Akamtazama kaka yake. Kisha akalisema: "Askutu." Muhamadi akafumba macho.

Mwendesha mashtaka alikuwa na swali moja kubwa, na alilishika kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka. "Mama, mke wa mshtakiwa alikuja dukani kwako?"

"Alikuja."

"Mlizungumza kesi hii?"

"Tulizungumza."

"Alikuomba nini?"

Benchi la mwisho, Loice aliinamisha kichwa hadi magotini.

"Alipiga magoti," alisema Maimunah. "Alikuja kuniomba nimsamehe mume wake. Mimi hata sikujua kama kuna mtu amefungwa. Sasa mwanangu, wewe umesoma, niambie. Mtu anayekuja kununua shahidi anaanza kwa samahani? Yule binti alikuja na magoti matupu. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba mume wake si mwizi. Na polisi niliwaambia kabla yake, zamani, na wewe ulikuwa unajua. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajui."

Kizimbani kule, Sylvanus alikuwa ameshika ubao kwa mikono miwili na kutazama benchi la mwisho.

Hakimu alichukua muda wa kunywa maji, kisha akasoma alichoandika. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Aachiliwe. Na kuhusu upande wa serikali akaongeza maneno machache tu: ofisi ile haikupewa ushahidi ili ichague unaoipendeza.

Maimunah alipokuwa akishuka, Muhamadi alisimama akampa mkono wa kumshikilia. "Umetuaibisha," alimnong'oneza kwa Kinubi. Baada ya hatua chache akaongeza, "Lakini umesema kweli. Tahadhari na ngazi."

*

Uani, Anena alimkuta mwendesha mashtaka akifunga mafaili yake kwa kamba.

"Ulikuwa umeyasoma?"

"Niliyasoma." Kijana hakukwepa. "Nilifikiri mama amechanganyikiwa. Watu wakikabwa husahau nyuso."

"Hilo lilikuwa la hakimu kufikiri."

Kijana alitikisa kichwa kukubali. Alisogea mpaka alipokuwa Sylvanus, aliyekuwa bado anasubiri kurudishiwa mkanda wake, akasimama mbele yake. "Pole, mzee," akasema.

"Ahsante," alijibu Sylvanus, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kisha akageuka.

Nerima alimkumbatia mwanawe, akamlilia, akamtukana kwa kukonda, akaenda mbele na Maimunah. Wazee wale wawili hawakuwahi kuonana kabla ya siku ile, lakini walikuwa wameshashikana mikono na kuelezana magonjwa ya miguu. Sylvanus alisema anataka kutembea. Kwa hiyo walitembea, yeye na Loice, nyuma, kando ya barabara, magari yakiwapita.

Walikwenda kipande kirefu.

"Siku ile ulipopiga magoti," Sylvanus alisema, "ulikuwa unaamini nimeiba?"

Angeweza kusema hapana. Siku kama ile, hapana ingepokewa.

"Siku nyingine niliamini," alisema. "Siku nyingine sikuamini. Nilikuwa nachoka, Baba Moreen. Kichwa kilikuwa kinageuka kama chapati. Lakini chakula nilikuletea siku zote mbili."

Sylvanus alisimama. Boda iliwapigia honi, akaivuta mikono ya Loice, ile iliyoambiwa ikae nyuma kabisa, wakasogea pembeni. Hakuiachia.

"Ulileta," alisema. "Hilo ni kweli. Hata siku niliyokirudisha, ulikileta." Walianza tena kutembea. "Nani alikila?"

"Mama yako."

Kicheko kilimtoka Sylvanus ghafla, cha kutu, kama geti ambalo halijafunguliwa siku nyingi, na mbele yao wale wazee wawili wakageuka kutazama kuna nini.